Sauti Yangu Ilipokwenda Maji ya Chai Bila Mimi

Hakuna aliyekufa. Tulieni.

Hivyo ndivyo ninavyoanza kuongea na watu, wanangu, mpaka leo nikiwa mstaafu. Nikimpigia mtu simu, kabla ya salamu yoyote, namwambia hakuna aliyekufa. Nisipofanya hivyo, wa upande wa pili anaanza kulia. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nasoma matangazo ya vifo katika redio moja hapa Arusha, na watu kuanzia Ngarenaro hadi huko juu ya Tengeru walinijua kwa sauti tu. Jina langu la ubatizo ni Felista. Sokoni waliniita Mama Tanzia.

Msidhani natia chumvi. Siku moja nilikuwa buchani, nikasema, "Nipimie nusu kilo, usiniwekee mafuta." Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaangusha kapu, akashika kichwa: "Mungu wangu, nani tena?" Nikamwambia, "Ng'ombe, mama. Ni ng'ombe tu." Watu walicheka mpaka muuza nyama akaweka kisu chini. Yule mwanamke hakucheka. Hata mume wangu, marehemu sasa, aliniomba nisiwe namwita kwa majina yake yote matatu nyumbani.

Nawaambia haya nyie vijana kwa sababu siku hizi kila mmoja wenu ana redio mfukoni. Unatangaza ukiwa chooni, unatangaza ukiwa kitandani. Haya, tangazeni. Lakini kazi ina namna yake, na hakuna aliyewafundisha.

Jina la marehemu halikimbizwi. Unavuta pumzi kidogo kabla yake, ili aliyekuwa anafagia aache kufagia. Unamwomba aliyeleta tangazo alitamke yeye kwanza, maana majina yetu ya Kimeru, Kichaga na Kimaasai ukiyasoma kama yalivyoandikwa tu unaweza kumuua mtu mwingine kabisa. Halafu unakuja mlolongo wenyewe: habari ziwafikie mjomba wa Babati, dada wa Moshi, shemeji wa Namanga na wengine wote popote walipo. Usimruke mtu. Ukimruka mkwe, msiba unageuka ugomvi, na ugomvi wenyewe watakuletea wewe mlangoni pa studio.

Aliyenifundisha ni mzee Zakaria, mkuu wetu wa zamu, mtu wa Machame, mkali kama pilipili. Alikuwa na utaratibu wake ambao hata mkurugenzi hakuthubutu kuugusa. Tangazo la kifo halipokelewi kwa simu. Mtu aje mwenyewe, akae kwenye benchi, tumwone uso. Kisha Zakaria anamuuliza maswali mawili: "Mama wa marehemu ameshaambiwa? Yuko na nani sasa hivi?" Jibu likisitasita, tangazo linabaki mezani. Mama wa marehemu, au mke, au mume, anaambiwa kwa mdomo na watu waliokuja nyumbani kwake, wakakaa, wakamshika mikono. Redio ilikuwa ya wale wa mbali. Alikuja bwana mmoja mwenye suti, ana haraka, gari linanguruma nje. Zakaria akamuuliza yale maswali, bwana akasema, "Mama atasikia hapohapo kwenye redio." Zakaria alimfungulia mlango, akamwambia arudi nyumbani kwanza. Bwana alifoka weee, akaondoka. Baadaye akarudi, macho mekundu, akatushukuru.

Makosa yalitokea, nisiwadanganye. Kuna mwenzangu mmoja alichanganya majina, jina la marehemu akalifanya la mleta tangazo, na la mleta tangazo akalifanya la marehemu. Mleta tangazo, mkulima wa Tengeru, alikuwa amekaa kwenye benchi anajisikiliza alivyokufa na siku atakayozikwa. Tulimsahihisha hewani mara moja, lakini Zakaria hakuridhika. Alimwamuru mwenzangu afuatane na yule mkulima mpaka Tengeru, wapite nyumba kwa nyumba, watu wamwone anatembea. Mke wa mkulima walimkuta ameshazimia na kumwagiwa maji mara kadhaa. Na mnajua nini? Miaka na miaka baadaye watu wa pale sokoni walikuwa bado wanamgusa kidogo kwenye mkono wa shati kabla ya kumsalimia. Alikuwa ananisimulia anacheka, lakini hakuwa anacheka sana.

Basi nikastaafu. Vijana waliobaki redioni, watoto wazuri tu, wakachukua kanda zangu za zamani wakaziweka mtandaoni, ziwe kumbukumbu. Hawakuniuliza, na mimi nilijisikia fahari badala ya kuuliza. Nilikuwa namwita jirani anifungulie kwenye simu yake nijisikilize. Saa nzima nimekaa uani kwangu Ngarenaro nasikiliza vifo vya watu waliokwisha kuoza, eti nafurahia nilivyokuwa natamka vizuri. Ukistaafu unakuwa na mambo ya ajabu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, nachambua maharage. Jirani akaingia ameshika simu, hasalimii.

"Mama Felista, si ulistaafu wewe?"

"Nimestaafu. Kwa nini?"

Akabonyeza. Nikajisikia nikisema kwamba familia moja ya Maji ya Chai inasikitika kutangaza kifo cha binti yao mpendwa Aneth, kilichotokea ghafla Uarabuni alikokuwa anafanya kazi za ndani, na kwamba habari ziwafikie ndugu, tena ndugu wenyewe kwa majina yao, sahihi kabisa, bila kumruka hata mmoja.

Wanangu, sijawahi kuyasema maneno yale. Lakini ilikuwa ni mimi. Pumzi yangu kabla ya jina ilikuwepo. Kile kikohozi changu kidogo ambacho Zakaria alinigombeza kwa ajili yake mpaka akachoka kilikuwepo. Na nyuma ya sauti kulikuwa na mlio wa kiti, kile kiti changu cha studio, ambacho nilikiona kwa macho yangu kikipakiwa kwenye toroli kwenda kutupwa. Nilishika koo. Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilipofika mwisho wa tangazo nilikuwa nimeshaanza kumlilia yule binti. Nilijiamini, mnanielewa? Nilijisikia, nikajiamini.

Halafu yakanijia yale maswali ya Zakaria. Mama wa Aneth ameshaambiwa? Yuko na nani? Maana aliyetengeneza kitu kile hakuwa amekaa kwenye benchi la mtu yeyote. Nilimjua yule mama. Ni mjane anayeuza nyanya kando ya barabara pale Maji ya Chai, nilikuwa mteja wake, na Aneth ni mtoto wake wa pekee. Nikaacha maharage kwenye ungo, nikajifunga kanga, nikaenda.

Nilikuta turubai limeshafungwa. Wanawake wanamenya ndizi, wanaume wamekaa upande wao. Wakanipokea: "Shikamoo mama." Nikaitikia, "Marahaba." Lo! Ile sauti iliposikika tu, kilio kikaanza upya uwanja mzima. Ikabidi nipite katikati yao nimefunga mdomo mpaka ndani.

Mama Aneth alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amejitanda. Pembeni yake alikuwa Elibariki, mtoto wa mdogo wa marehemu mumewe, kijana anayejua simu kuliko anavyojua shamba. Ni yeye aliyepata lile tangazo kwenye kundi la ukoo na akalifungua hapohapo, mbele ya mama yule, kwenye meza ya nyanya, watu wanapita. Aneth alikuwa hajapiga simu siku nyingi, mabosi wake wanamnyang'anya simu, wanampa Ijumaa tu wakipenda. Kwa hiyo mama hakuwa na pa kuuliza.

"Umekuja kunisomea mwenyewe, mama," akaniambia.

"Sikulisoma mwanangu. Siyo mimi."

"Ni sauti yako."

"Ni yangu, lakini siyo mimi niliyesema."

Akanitazama. "Sasa sauti yako inatembea bila wewe?"

Nikakaa naye mkekani nikamweleza, kama nilivyoelezwa na wale vijana wa redioni niliowapigia simu njiani. Kwamba kuna mitambo siku hizi, unaisikilizisha mtu anavyoongea, nayo inajifunza, halafu inasema chochote unachoiambia. Kwamba kanda zangu zilikuwa mtandaoni, kila mwenye nia mbaya angeweza kuzichukua.

"Inaweza kumwiga mtu yeyote?"

"Yeyote."

"Hata aliyekufa?"

"Hata aliyekufa," nikasema. "Tena na sura yake."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Mimi nikashukuru Mungu moyoni, nikadhani kazi imekwisha. Nilimwelewesha vizuri mno.

Hatukukaa sana, simu ya Elibariki ikalia, mtu anapiga kwa video. Alikuwa Aneth. Amesimama kwenye jiko lenye vigae vyeupe, ananong'ona, machozi yanamtiririka. "Mama! Watu wanaandika nimekufa. Mama, mimi ni mzima! Nione!" Mlangoni, walikokuwa wanachungulia, mwanamke mmoja akapiga yowe, mwingine akapiga magoti, wengine wakarudi nyuma. Mama Aneth akaishika simu kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Tanzia, si umesema inaiga na sura?"

"Nimesema, lakini huyu—"

"Umesema hata aliyekufa."

Maneno yangu mwenyewe yakanigeuka. Mimi, niliyeishi kwa maneno!

Akaigeukia simu. "Kama ni wewe, ng'ombe tuliyemuuza baba yako alipougua alikuwa anaitwa nani?"

"Namelok, mama! Namelok!"

Elibariki akakohoa. "Mama mkubwa, hiyo aliiandika mtandaoni. Na picha ya ng'ombe aliweka."

"Kovu la mguuni ulilipataje?"

"Uji, mama. Uliniponyoka ukaniunguza, wewe ukanipaka asali."

"Hiyo nayo ipo," akasema Elibariki. "Kuna video alisimulia."

"Nilikuwa nakuimbia nini ukiwa na homa?"

Aneth akaanza kuimba, kwa Kimeru, sauti inakatika. Safari hii Elibariki akainamisha kichwa tu, na wote tukajua kwamba hata wimbo huo upo mtandaoni. Yule binti wa watu alikuwa mpweke ugenini, akawa anawasimulia watu wasiomjua kila kitu cha kwao ili apate mtu wa kuongea naye. Ningekuwa mimi pengine ningefanya vilevile. Lakini hakubakiza hata kitu kimoja cha kumwonyesha mama yake.

"Kila kitu cha mwanangu watu wanacho," mama Aneth akasema. Alikuwa mtulivu, na hicho ndicho kilichonitisha. "Mwanangu nilimzaa kwa mwili. Nikimshika nitaamini. Wewe wa humo ndani, sikujui." Akabonyeza, picha ikaondoka Aneth akiwa amefungua mdomo.

Na Elibariki, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa amerekodi yote kwa simu ya pili. Kabla turubai halijafunguliwa ile video ilikuwa imeshafika kila mahali: mama amkataa mwanawe. Niliisikia kwa kinyozi Ngarenaro, watu wanabishana kama mpira, nani mkweli, nani mzimu. Sauti ya yule mama ikawa inachezwa na kuchezwa, analia, anauliza, anakataa. Nilimwendea Elibariki nikamsema mpaka jasho likamtoka. Akaifuta. Eti akaifuta!

Mama Aneth alimfukuza Elibariki nyumbani kwake, akatoa laini kwenye simu yake mwenyewe akaivunja kwa jino, na simu yenyewe akaitupa chooni. Mchungaji alikataa kuzika jeneza tupu, kwa hiyo kila Jumapili kanisani waliombewa wote wawili, Aneth aliye hai na Aneth aliyekufa, kwa sala moja. Nilikuwa naenda kumwona kila nilipopata nauli. Nilikuwa na haja moja tu duniani, huyu mama ampate mtoto wake kabla hajafa kwa kihoro. Nikamsihi tumtafute tena. Elibariki alijaribu, akakuta Aneth amemfungia mtandaoni kwa hasira za ile video, na namba yake ya kupigia hatukuwa nayo.

"Unaona?" mama Aneth akawa ananiambia, anapanga nyanya zake. "Angekuwa ni yeye, angenitafuta."

Msimu ule ukapita, mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Alikonda. Watu walianza kumgusa mkono kabla ya kumsalimia.

Halafu alasiri moja tumekaa barazani kwake, tunatenga nyanya mbovu, gari dogo likasimama njiani. Akashuka binti na sanduku kubwa. Aneth. Amekonda naye, amevaa ushungi wa kule. Akaacha sanduku matopeni.

Mama yake alisimama, lakini hakusogea. Midomo yake imekauka. "Mama Tanzia," akasema, "nenda kamshike wewe kwanza."

Nikaenda. Nikamshika mikono, migumu, imebabuka kwa sabuni za watu. Nikainama palepale njiani, bila haya, nikapapasa mguu wake chini ya goti mpaka nikalipata lile kovu, nene, lina joto la mtu. Nikapiga kelele, "Ni mtu! Mama Aneth, ni mtu!" Sijui alifikaje. Nilichoona ni wote wawili wako chini kwenye matope, wanashikana nyuso. Mimi nililia kama mtoto mdogo, na sikujali nani ananisikia.

Tulipotulia, chai ikatengwa. Aneth alikuwa hamwachii mama yake mkono.

"Nilijua utanipokea, mama," akasema. "Tangu uliponiomba msamaha roho yangu ilitulia."

"Nilikuomba lini?" mama yake akauliza, anatabasamu bado.

"Wiki ileile. Ulivyopiga kwa ile laini mpya."

"Laini gani?"

"Mama jamani. Hii ambayo tunaongea kila Ijumaa."

Nikaweka kikombe chini.

"Mwanangu," mama Aneth akasema polepole, "mimi sina simu. Sijaongea na wewe tangu siku ile."

Aneth akacheka. Alidhani anataniwa. "Acha bwana! Si jana tumeongea nikiwa uwanja wa ndege? Ukaniambia nisiogope. Si wewe unayetaka nikusimulie mambo ya utotoni kila siku, eti unasahau? Nimekusimulia mpaka yale ambayo sijawahi kumwambia mtu." Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamtoka usoni. "Bibi, mbona mnaniangalia hivyo?"

Simu yake ikalia ndani ya mkoba.

Akaitoa. Kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa Mama. Kuku walikuwa wanachakura uani, jua liko palepale, na mama yake amekaa hapo, kikombe mkononi.

"Pokea," mama Aneth akasema. "Weka wote tusikie."

Aneth akabonyeza.

"Aneth mwanangu." Ilikuwa ni sauti yake, na ule uchovu wake wa jioni, na ile namna yake ya kuvuta jina la mtoto. "Umefika salama? Umechoka, eh? Umekula?"

Nikakumbuka ile video ya Elibariki, iliyobeba sauti hiyo kila mahali. Nilinyoosha mkono niinyang'anye ile simu niitupe, kisha nikamtazama mama yake. Mama Aneth alikuwa ameziba mdomo wake kwa ncha ya kanga. Nilidhani ni hofu. Haikuwa hofu. Alikuwa analia, na aliposema alisema kwa kunong'ona, kama anayeogopa kusikika na yule wa ndani ya simu.

"Muda wote huo nimekukataa. Huyu ndiye aliyekuwa anakuuliza kama umekula."

"Mbona kimya?" ile sauti ikasema. "Mwanangu, umekula?"

Aneth akamtazama mama yake, akaitazama simu, machozi yakamtoka. "Bado, mama," akajibu, na mpaka leo sijui alikuwa anamjibu nani.